Glavu Zilizonukia Poda

Kabla sijafungua kinywa, nionyesheni mikono. Nyote, hata nyinyi wakubwa mliojibanza nyuma. Wewe wa karanga, kanawe kwanza, karanga hazina miguu. Kwa sabuni! Nitajua. Kisa hiki hakisikilizwi na mikono michafu, na tukifika mwisho hamtaniuliza kwa nini.

Mmerudi? Haya. Makubaliano yetu ni haya: mimi natoa kisa, nyinyi mnatoa hukumu. Asiyependa kuhukumu akalale, maana leo sitaki mtu akae hapa kama gunia.

Palikuwa na mji kando ya mto, jina lake nalijua na silisemi, watu wa kule ni wepesi wa kununa. Katika mji huo walikuwepo wanawake watatu waliokuwa wakiuguza wagonjwa majumbani. Hawakuwa madaktari. Zahanati iliwafundisha, ikawapa aproni, glavu na klorini, ikawaambia: mgonjwa asiyepata kitanda hapa, mfuateni kwake.

Wa kwanza aliitwa Chiku, na kipaji chake kilikuwa pua. Msicheke. Chiku akiinama juu ya ndoo ya klorini alikwambia papo hapo kama bado ina nguvu au imekufa tangu jana. Maziwa yanayotaka kuharibika aliyajua yakiwa bado matamu. Mumewe alikiona cha moto na pua ile, lakini hayo si ya mbele ya watoto.

Wa pili aliitwa Mwavita, na kipaji chake kilikuwa mikono. Alishona, alifunga, aliziba, alipachika. Ukimwambia "hiki hakiwezekani," hakubishana nawe, alikinyamazia tu na kukiangalia mpaka kikawezekana. Hakuwa na mtoto. Hilo lishikeni, tutalihitaji.

Wa tatu aliitwa Sikitu, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Si ulimi wa umbea! Sikitu aliweza kumwambia mtu neno chungu, na mtu yule akaondoka akimshukuru. Mimi ulimi huo sina, mnanijua.

Basi mwaka ule mvua zilizidi. Mto ukapanda, ukaingia vyooni, ukaingia visimani, na kipindupindu kikaingia mjini. Daraja likachukuliwa na maji, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya daraja. Upande huu ilibaki zahanati ndogo, na vitanda vyake vyote vilijaa.

Sasa, palikuwa na mwoka mikate kijana akiitwa Hemedi. Mkewe, Nyamizi, alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike, mchanga kabisa, kitovu hakijadondoka na jina hana. Kule jina hutolewa siku ya saba. Baba humnong'oneza mtoto sikioni, na hakuna anayelisikia kabla ya mtoto mwenyewe. Siku hiyo haijafika, Nyamizi akaanza kuharisha na kutapika, akalegea hata kumshika mwanawe hawezi.

Hemedi aliwapokea wale wanawake watatu mlangoni.

"Dada zangu," akasema, "atakayeniokolea mke wangu na huyu mtoto, wallahi binti huyu atachukua jina lake. Atakuwa somo yake."

Mwanamume akiingiwa na hofu huahidi hovyo. Lakini msidhani hilo ni jambo dogo. Mtoto aliyepewa jina lako ni wako nusu nzima. Ukizeeka atakuja kukufulia na kukuchekesha, na ukishakufa jina lako litaendelea kuitwa uani: wewe fulani, njoo ule! Wanawake wale walitazamana, wakakwepeshana macho. Kila mmoja alilitaka, na kila mmoja aliona haya kulitaka.

Wakaigawa kazi. Mwavita ashike ndoo za mgonjwa na nguo zake. Sikitu achanganye maji ya chumvi na sukari, amnyweshe kijiko kwa kijiko. Chiku amtunze mtoto, ampeleke kwa mama yake kunyonya na kumrudisha. Sheria ikawa moja: ashikaye ndoo hamshiki mtoto. Na glavu ukishaivua hairudi mkononi, inaingia kwenye ndoo ya kifuniko, na baadaye inachomwa shimoni. Wakalala palepale, wasije wakaupeleka ugonjwa makwao.

Sasa ngojeni niwape Bi Mashavu, mama yake Hemedi. Mwanamke mwema, mchapakazi, amekulia nyumba ambayo kopo la maziwa likiisha lilikuwa kikombe, na kikombe kikitoboka kilikuwa kibatari. Alikaa uani akiziangalia glavu zinavyoingia kwenye ndoo ya kifuniko, nzima, hazina hata tundu. Akaliangalia na boksi la glavu mpya linavyopungua. Akajiambia, zikiisha hizi, hawa wanawake watamwacha mkaza mwanangu. Nani atamshika mwenye kipindupindu kwa mikono mitupu?

Hakumwambia mtu. Wenzake walipokuwa ndani, akaifunua ile ndoo, akazitoa glavu, akazifua kwa sabuni ya mche, akazianika nyuma ya jiko. Zilipokauka zikawa zinanatana. Akazipaka poda ya mtoto, akazikunja mbilimbili kama alivyoona zimekunjwa, akazirudisha kwenye boksi, juu kabisa. Akajimwagia maji matupu mikononi, akaenda kuchambua mchele, moyo umetulia.

Mnaona lakini? Hakuna ubaya hapo. Ungekuwa ubaya, kisa kingekuwa chepesi na tungekwenda kulala mapema.

Asubuhi yake Sikitu akachukua glavu za juu, akavaa. Akachanganya maji, chumvi na sukari. Wanawake wale walikuwa na mtindo wao wa kuonja, kwa sababu maji ya mgonjwa hayatakiwi kuzidi chumvi ya machozi. Unadondosha tone juu ya kidole, unalamba. Juu ya glavu? Ndiyo, juu ya glavu! Wao walisema glavu iliyotoka boksini ni safi kuliko kijiko. Sikitu akadondosha, akalamba. "Iko sawa," akasema, akaingia kwa mgonjwa.

Nawaona mmeshika midomo. Ishikeni.

Haikupita muda, Chiku akaja kuchukua glavu amsafishe mtoto kitovu. Akavaa moja, akainama juu ya mtoto, mkono umebakiza upana wa kiganja kumfikia. Akasimama hapohapo. Akaurudisha mkono puani.

"Poda," akasema.

Mwavita alikuwa anapita na shuka. "Poda si ya mtoto? Umeishika wewe mwenyewe."

"Leo sijaishika." Chiku akanusa tena, na uso ukambadilika. "Na chini ya poda kuna sabuni ya mche. Na chini ya sabuni, Mwavita, kuna chumba cha Nyamizi. Glavu hii imeshavaliwa." Akaichomoa, akaitupa mbali, akapiga ukelele: "Msiguse kitu! Mtu asiguse kitu humu ndani!"

Nyumba nzima ikasimama. Sikitu akatoka chumbani kwa mgonjwa, mikono ameiinua juu. Akauliza polepole, "Hizo zilikuwa juu au chini?"

"Juu."

Sikitu akaitazama mikono yake. Akazivua, akanawa hadi viwikoni, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Hakusema neno, na Sikitu akikosa la kusema, jamani, hapo ndipo pa kuogopa.

Chiku akamlaza mtoto kwenye mkeka, akalibeba boksi zima kwenda nalo shimoni. Mwavita akamshika mkono. "Zote? Za chini si mpya?"

"Zimeshachanganyika. Siwezi kumwapia mtoto wa watu kwa pua." Akalitia moto, likaungua lote.

Hiyo ndiyo kazi ya Chiku. Bila pua ile, glavu ile ingemgusa mtoto, ingemfuta na mate mdomoni, na leo ningekuwa nawapa tanzia badala ya kisa.

Hemedi alikuwa amesimama kizingitini, amesikia yote. Akauona uzi nyuma ya jiko, na glavu moja iliyosahauliwa bado inaning'inia. Akaelewa.

"Mama! Ni wewe?"

"Nilizifua, baba," akajibu Bi Mashavu. "Nilizifua vizuri, kwa sabuni."

"Unataka kuniulia mke na mtoto?"

Lo! Neno lile! Bi Mashavu alisimama, ungo ukamwanguka, mchele ukatapakaa uani. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka, akamnyakua mtoto, akaingia chumbani kwake, akatia komeo.

"Haya, muuaji amejifungia!" akapiga kelele kutoka ndani. "Kaeni na glavu zenu! Mjukuu wangu nitamlea mwenyewe!"

Na mikono iliyomshika mtoto ndiyo ile iliyofua, jamani. Chiku akaugonga mlango kwa ngumi mpaka akachoka. Hemedi akataka kuuvunja, akaogopa usije ukamwangukia mtoto. Ndani, mtoto akaanza kulia kwa njaa. Na kule mwajua bibi humfanya nini kichanga anayelia na maziwa yako mbali: huchovya kidole kwenye maji ya sukari, akampa anyonye.

Wakati huohuo, kutoka chumba cha pili, Nyamizi akaita kwa sauti ndogo, "Maji." Ndoo yake ilikuwa imejaa na shuka limelowa. Na katika nyumba nzima hapakuwa na glavu hata moja.

"Tumshike hivihivi, tutanawa," akasema Hemedi.

Chiku akamwonyesha vidole vyake. Klorini ilikuwa imevichuna, vimepasuka, huwezi kusema ukivisugua vimetakata. "Nikimshika mama kwa hivi, huyo mtoto akitoka nitampokea kwa vipi? Umeshaona leo kilichotaka kutupata."

Mwavita alikuwa ameshageuka. Alikwenda chumba cha mbele, kwenye duka la mikate la Hemedi. Tanuri lilikuwa baridi, maana tangu ugonjwa uingie hakuna aliyenunua mkate. Akaangalia huku na huku. Kwenye rafu palikuwa na bunda la mifuko mipya ya nailoni ya kutilia mikate, halijafunguliwa.

"Bwana Hemedi," akaita, "acha kulia. Nitilie mkaa kwenye pasi."

Akanawa, akautandika mfuko mezani, akaweka kiganja juu yake, akakizungushia alama kwa kipande cha mkaa, kidole gumba peke yake na vinne pamoja. Akaweka gazeti juu, akapitisha ncha ya pasi kwenye ile alama, nailoni ikashikana. Akakata pembeni. Akautia maji kuupima. Ukavuja kwenye gumba. Kule chumbani Nyamizi akatapika tena. Mwavita akatupa ule, akachukua mwingine. Nao ukavuja.

"Fanya haraka, dada, namsikia anaishiwa," akasema Hemedi.

"Nikifanya haraka utavuja," akajibu Mwavita, na hakusema tena mpaka kazi ilipoisha. Wa tatu ukashika. Akautikisa, akaubinya, hakuna tone. Akatengeneza wa pili wake, akachana kanga yake mwenyewe kupata vitambaa vya kufungia kwenye kifundo cha mkono, akavaa. Mikono ikawa kama ya kaa. Kwa mikono hiyo ya kaa akambadilisha Nyamizi shuka, akaondoa ndoo, akavua, akanawa, akavaa mingine, akamwinua kichwa, akamnywesha.

Hiyo ndiyo kazi ya Mwavita. Bila mikono ile, Nyamizi angekauka kitandani huku wenye mapenzi naye wamejaa mlangoni wakimtazama.

Turudi kwenye ule mlango wa komeo. Mtoto alikuwa bado analia. Sikitu akaja, akamwondoa Chiku taratibu, akaketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Ni mimi Sikitu. Sikuja kufungua mlango."

"Ondoka!"

"Nitaondoka. Nina swali tu. Wiki iliyopita mlipomzika jirani yenu, Hemedi aliporudi makaburini ulimpa mkewe amshike, na ile mimba yake?"

"Nimpe? Hata kidogo! Nilimwambia koga, badili nguo, kaa nje upoe. Mwenye mimba na mwenye kichanga haendewi na mtu aliyetoka makaburini. Hilo hata kuku anajua."

"Na angekataa?"

"Ningempiga na mwiko."

"Basi, Bi Mkubwa," akasema Sikitu, "zile glavu zilikuwa zimeshazikwa. Sisi tulizizika kwenye ile ndoo. Wewe ukazifuata makaburini ukazirudisha ndani, kwa mikono yako. Na hukukoga."

Kisha, na hapa ndipo Chiku alipotega sikio mlangoni, mtoto akanyamaza.

"Bi Mkubwa," akasema Sikitu, na sauti haikupanda wala haikushuka, "mtoto anafanya nini?"

Sikitu akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Mama yangu, umempa kidole?"

"Bado," ikatoka sauti, ndogo, si ya Bi Mashavu wa uani. "Nimeshakichovya. Nimekishika hapa. Anakitazama."

"Kiweke mbali. Sikia. Wewe ulizifua ili tusimwache Nyamizi, nimeshaelewa, hakuna aliyeniambia. Asubuhi nilizivaa mimi, na nikaonja kwazo. Silii na wewe. Lakini sisi watatu tunatoka kwenye ndoo kutwa nzima, tunachoka, tunasahau, tunalamba vidole kama watoto. Nani atatusimamisha mlangoni? Nataka mtu wa kutupiga na mwiko."

Komeo likatoka. Bi Mashavu akasimama pale, mtoto amemfunga kwa kanga, mikono yake ameitenga mbali na mtoto. Wakammiminia maji, akajisugua kwa sabuni hadi viwikoni, machozi yanachuruzika na hana mkono wa kuyafutia. Mtoto naye akakogeshwa, akavalishwa nguo safi, akapelekwa kunyonya.

Hiyo ndiyo kazi ya Sikitu. Bila ulimi ule, kidole kile kingefika mdomoni.

Tangu saa ile Bi Mashavu akaweka kigoda katikati ya nyumba, sabuni mkono huu, kata ya maji mkono huu, mwiko mapajani. Hakuna aliyepita. Mwavita alirudishwa kwa kucha. Chiku alirudishwa kwa pete. Hemedi, mwanawe wa kumzaa, alirudishwa mpaka akaapa kwamba nyumba hii si yake tena. Chakula kililetwa palepale kigodani. Nyamizi akaanza kushika kikombe mwenyewe, kisha akaketi, kisha akaomba uji. Mtoto hakuguswa na ugonjwa hata kidogo, kitovu kikadondoka, akawa ananyonya mpaka anasinzia na ziwa mdomoni.

Laiti ningeishia hapo! Lakini siku ya sita tangu mtoto azaliwe, Sikitu alikwenda chooni, akarudi, akaenda tena. Akasimama mlangoni, rangi imemtoka, akamwambia Bi Mashavu, "Bi Mkubwa, mimi nisipite. Nizuie." Wakamlaza kwenye chumba cha Bi Mashavu, chumba kilekile cha komeo. Chiku na Mwavita wakavaa mifuko ya mikate wakaanza upya: ndoo, maji, kijiko. Daraja bado liko chini. Zahanati ikatuma ujumbe: kitanda bado hakuna, mnywesheni, msiache. Sikitu alikuwa anakunywa, lakini macho yalikuwa yamezama.

Ikafika siku ya saba.

"Tungoje apone," akasema Hemedi.

"Siku ya saba haisogezwi," akasema mama yake. "Uliahidi, toa jina."

Wakakaa uani, wametengana kidogo, mikono imeoshwa. Hemedi akasema, "Niliahidi jina la atakayewaokoa. Nisaidieni. Ni nani?"

Chiku akakohoa. "Mimi nina wavulana watupu, na mtoto wa kike wa kuitwa Chiku namtaka, nisiwadanganye. Lakini nasema la haki. Nisingejua mimi, Mwavita angeziba nini? Sikitu angembembeleza nani? Mngekuwa mnavaa zile glavu mpaka leo."

"Kujua hakumnyweshi mtu maji," akasema Mwavita, anaangalia viganja vyake. "Mlijua nyote. Mkasimama mlangoni." Akanyamaza, tukadhani amemaliza. "Na jina langu mimi, nikifa, limekufa nami."

Nimesema tukadhani? Walidhani. Nimeingia kisani mno.

Bi Mashavu akasema, "Mpe Sikitu. Kidole kilikuwa hewani, mimi ndiye ninayejua kilikuwa wapi. Na yule kule ndani amelala kwa kosa langu."

"Bi Mkubwa, samahani," akasema Chiku, "jina hili ni shukrani au ni fidia?"

Bi Mashavu akainamisha kichwa.

Nyamizi, aliyekuwa ameegemea ukuta na mtoto kifuani, akasema, "Mbona yupo mmoja hamumtaji? Mama amekaa kwenye kigoda kile hakulala ubavu. Kama si yeye, uchovu wenu ungeniingizia ugonjwa kwa mwanangu hata baada ya hayo yote."

"Aliyewasha moto apewe zawadi kwa kuuzima?" akauliza Hemedi.

"Aliuwasha kwa kuogopa nisiachwe peke yangu, Hemedi. Wewe ulimwita nani siku ile? Umeshamwomba radhi?"

Wote wakageuka kuutazama mlango wa chumba alimolala Sikitu. Ndivyo walivyozoea, jambo likiwashinda walimwachia yeye azungumze. Mwavita akaenda kizingitini akamuuliza, "Sikitu, wewe unasemaje?" Sikitu akafungua kinywa. Maneno hayakutoka. Akaonyesha kikombe tu, Mwavita akamnywesha. Siku ambayo kila mtu alijitetea, mwenye ulimi hakuweza kujitetea.

Hemedi akamsogelea mkewe, akasema chini kwa chini, "Nikimpa mtoto jina la Sikitu, na akatutoka usiku huu?"

"Na usipompa," akasema Nyamizi, "na akatutoka usiku huu?"

Hemedi akainuka. Akaenda kwenye kigoda, akanyoosha mikono mbele ya mama yake. Bi Mashavu akammiminia maji, akaikagua kucha kwa kucha, akamruhusu. Hemedi akampokea binti yake, akamgeuza kibla, akamsomea adhana. Chiku ameshika pua, anafanya kama anajikuna. Mwavita ameficha mikono kwenye kanga iliyochanika. Bi Mashavu anatazama ukutani. Na kule ndani, kupitia mlango ulioachwa wazi, Sikitu ameinua kichwa kwenye mto kwa nguvu alizobakiwa nazo, anasikiliza.

Hemedi akainama, mdomo ukafika sikioni kwa mtoto.

Na mimi nimefika mwisho wangu. Msinitazame hivyo, tulikubaliana! Nimewapa pua, nimewapa mikono, nimewapa ulimi, nikawaongezea na bibi wa kigoda. Mtoto ni mmoja, jina ni moja, na Sikitu kama alipona au hakupona sisemi, kwa sababu Hemedi naye hakujua alipoinama.

Je, wewe ungeamua vipi? Aliyegundua, aliyetengeneza, aliyefungua mlango, au aliyekosa kisha akakaa mlangoni? Wewe wa karanga, anza wewe. Sema upesi, mtoto ametulia anasikiliza.